Namna ya Kutambua Ngozi ya Mnyama Katika Hedifoni: Mwongozo kwa Wala Mboga wa Kisumu na Nakuru

Katika vibanda vya simu na vifaa vya sauti vilivyo kando ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, muuzaji akitaka kuisifu bidhaa yake huminya mto wa hedifoni kwa kidole gumba, akakugeuzia na kusema, "Hii ni leather orijino, mwalimu." Kwa mnunuzi wa kawaida hiyo ni sifa. Kwa mtu aliyeacha nyama na asiyetaka ngozi ya mnyama mwilini mwake, hiyo ni sababu ya kuirudisha hedifoni kaunta. Shida ni kwamba mara nyingi neno hilo si kweli, kwa kuwa kinachominywa pale ni kitambaa kilichopakwa plastiki, ndugu wa reksini ya viti vya matatu. Na mara chache, hasa katika hedifoni ghali au zile za mtumba, muuzaji husema "hiyo ni raba tu" kumbe ni ngozi ya kondoo. Kwa njia hiyo mla mboga huweza kukataa kitu kisicho na tatizo lolote, kisha akachukua kwa furaha kile hasa alichokuwa akikikimbia.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya, na hedifoni hukaa kichwani mwangu saa nne au tano kwa siku moja ya kazi. Nimelelewa katika Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lilifungua misheni yake Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na ambalo waumini wake wengi katika ukanda huu wa ziwa wamesikia tangu utotoni kwamba chakula cha mimea ndicho bora. Nimeacha nyama kwa miaka mingi sasa. Hata hivyo, ilinichukua muda mrefu kujiuliza ni nini kile kilichokuwa kikigusa masikio yangu siku nzima, na nilipojiuliza sikupata mtu wa kunijibu. Ninaandika hapa yale niliyoyajua baadaye, ili anayeanza leo asianzie nilipoanzia.

Amua kwanza unakataa nini

Kabla ya kuingia dukani ni vyema ujue mpaka wako uko wapi, kwa sababu watu wanaoitwa kwa jina moja la wala mboga hawakatai vitu vilevile. Wako ambao mpaka wao ni sahani: hawali nyama, lakini viatu na mshipi wa ngozi wanavaa bila kusumbuka. Wako Wahindu na Wajaini, ambao jamii zao zimeishi na kufanya biashara Kisumu tangu reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, na kwa wengi wao kutomdhuru kiumbe ni sharti la dini linalovuka chakula na kufika kwenye mavazi. Wako Marasta wanaoishi kwa utaratibu wa aitali, yaani chakula cha asili kisicho na nyama. Wako pia wavegani, wanaokataa kila kitokacho kwa mnyama, yaani pamoja na sufu, hariri, nta ya nyuki na hata lakiri inayotokana na wadudu. Chama cha wavegani cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka wa 1944, hutoa alama yenye ua la alizeti kwa bidhaa zilizokaguliwa, na alama hiyo imekuwapo tangu 1990. Ukiiona kwenye boksi umepumzika, ila katika vifaa vya elektroniki ni nadra sana kuiona.

Muislamu naye anaweza kuwa na swali lake, si la ngozi kwa jumla bali la ngozi ya nguruwe. Njia za kuchunguza nitakazoeleza zitamsaidia kujua kama kitu ni ngozi au si ngozi, lakini kujua ni ya mnyama gani kunahitaji jibu la mtengenezaji mwenyewe.

Kuna jambo la hapa kwetu linalostahili kutajwa. Kisumu wapo mafundi wanaochukua ngozi za mbuta zinazobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, wakazilainisha na kutengeneza viatu na mikoba. Ni kazi ya ubunifu, na inaokoa kitu ambacho kingeoza. Lakini ngozi ya samaki ni ngozi. Ukipewa kipochi cha hedifoni kilichoshonwa kwa ngozi hiyo kama zawadi, usiambiwe kwamba hakina mnyama kwa kuwa hakitokani na ng'ombe.

Mahali ngozi inapokaa

Hedifoni ndogo zinazoingia ndani ya sikio hazina shida hii. Ncha zake ni za silikoni au sponji, mwili wake ni plastiki au chuma, na asiyetaka kuhangaika na uchunguzi wowote anaweza kununua hizo na kuacha kusoma hapa, ilimradi akitazame kipochi kinachokuja nazo.

Hedifoni kubwa zinazofunika sikio ndizo zenye mambo. Sehemu ya kwanza ya kutazama ni mito miwili inayogusa masikio. Ya pili ni mkanda wa kichwani, na hapa watu wengi hujikwaa, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuweka mito ya kitambaa na bado akauvika mkanda ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya urembo na nguvu. Ya tatu ni kipochi au kifuko cha kubebea. Kwa mvegani asiyeacha chochote kuna pia vitu vya ndani visivyoonekana: baadhi ya hedifoni huwa na vipande vya felti vya kupunguza mwangwi nyuma ya spika, na felti inaweza kuwa ya sufu au ya nyuzi za plastiki, na vikombe vinavyoshika spika, vikiwa vya mbao, huweza kung'arishwa kwa lakiri. Kiwambo chenyewe kinachotikisika na kutoa sauti kwa kawaida ni utando mwembamba wa plastiki, kwa hiyo hapo huna la kuhofia.

Maneno ya kwenye boksi

Maelezo ya boksi karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, na kila neno lina uzito wake, hivyo inafaa kuyajua jinsi yalivyo. Ukiona "genuine leather", "real leather", "cowhide", "sheepskin", "lambskin" au "nappa", hiyo ni ngozi ya mnyama bila mjadala. "Suede" bila neno jingine mbele yake ni ngozi iliyogeuzwa upande wa ndani. "Bonded leather" ni neno linalowapotosha wengi: ni vumbi na vipande vya ngozi vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kubanwa juu ya kitambaa. Ina plastiki nyingi, lakini mnyama yumo.

Kwa upande wa pili, "faux leather", "leatherette", "synthetic leather", "PU leather" na "vegan leather" ni majina ya ngozi bandia, ambayo kwa kawaida ni kitambaa cha nyuzi za polyesta kilichopakwa plastiki ya poliurethani (PU) au PVC. "Velour" ni mahameli, na katika hedifoni huwa ni ya nyuzi za viwandani. "Alcantara" inaonekana na kushikika kama suede, na mtu anaweza kuapa kwamba ni mnyama, lakini ni kitambaa cha polyesta na poliurethani kinachotengenezwa Italia. Asili yake ni ugunduzi wa kampuni ya Toray ya Japani wa mwaka wa 1970.

Neno ambalo limewahi kunikosesha usingizi ni "protein leather". Utalikuta kwenye maboksi mengi, na wauzaji hulisoma kama daraja la juu la ngozi. Kwa msingi wake hiyo ni ngozi bandia ya poliurethani, na mla mboga wa kawaida anaweza kuichukulia hivyo. Tatizo ni lile neno la kwanza. Wako watengenezaji wanaochanganya unga wa protini katika tabaka la juu ili mto usinate jasho na ushikike kama ngozi ya mtu, na protini hiyo inaweza kutoka kwenye utando wa ndani wa ganda la yai au kwenye kolajeni, yaani protini ya ngozi na mifupa ya wanyama. Wako wengine wanaotumia jina hilohilo kwa poliurethani tupu kwa sababu linauza. Jina haliwezi kukuambia uko upande gani. Kwa maoni yangu, anayekula mayai anaweza kuridhika akihakikishiwa kuwa hakuna kolajeni, na mvegani asinunue kabla ya kupata jibu la maandishi.

Watu wa mtumba wataniuliza kuhusu ile alama ndogo yenye umbo la ngozi iliyotandazwa, ambayo wameizoea chini ya viatu kutoka Ulaya. Alama hiyo, pamoja na ya mraba uliosimama kwa pembe inayomaanisha malighafi nyingine, imewekwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka wa 1994 inayohusu viatu peke yake. Hedifoni hazimo katika sheria hiyo, kwa hiyo kutokuwepo kwa alama hakuthibitishi chochote.

Kuchunguza kwa macho na vidole

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hedifoni za mtumba katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, siku ambayo soko hufurika. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa mito ni raba, na ninaamini alisema alichokijua. Zilikuwa safi na sauti yake ilikuwa tulivu mno. Nyumbani nilipoung'oa mto mmoja ili niusafishe, niliutazama upande wa nyuma, pale ambapo ngozi inakunjwa na kuingia kwenye mfereji wa kikombe, na pale kwenye ukingo uliokatwa sikuona uzi hata mmoja. Niliona vinyuzi vya rangi ya kijivu vilivyosokotana ovyo, kama ukingo wa katoni uliochanwa kwa mkono. Nilivuta kamera ya simu karibu ili kuuona vizuri, nikaelewa kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nimevaa kondoo.

Ukingo huo ndio shahidi bora kuliko wote. Upande wa juu unaweza kukudanganya, kwa sababu viwanda hupiga chapa ya vinyweleo juu ya plastiki, na vilevile husawazisha ngozi ya kweli na kuipiga chapa ya mchoro unaojirudia. Upande wa nyuma hausemi uongo kwa urahisi. Ngozi bandia ina kitambaa nyuma yake, na utaona nyuzi zilizofumwa kwa mpangilio, mara nyingi nyeupe au nyeusi. Ngozi halisi ina vinyuzi visivyo na mpangilio, laini kama mahameli. Kwa hiyo mwombe muuzaji ruhusa ya kutoa mto. Katika hedifoni nyingi mto umevalishwa tu kwenye ukingo wa kikombe na hutoka ukivutwa taratibu kwa kucha, katika nyingine huzungushwa au huachia vishikizo vya plastiki, na katika chache umegundishwa. Ukihisi gundi, acha mara moja, kwa maana mto ukichanika utalipa wewe.

Kama mto hautoki, tumia dalili nyingine, huku ukikumbuka kwamba hakuna moja inayotosha peke yake. Vuta picha ya uso wake kwa karibu: vinyweleo vya ngozi hutawanyika bila mpango, vingine vikubwa na vingine vidogo, ilhali mchoro wa plastiki hujirudia ukiufuatisha kwa jicho. Bonyeza kwa ncha ya kidole: ngozi hukunjana kwa mistari myembamba inayosambaa kutoka pale ulipobonyeza, na plastiki huzama tu na kurudi. Harufu husaidia kwa vitu vipya, lakini kitu cha mtumba kilichokaa kwenye marobota na dawa kimepoteza harufu yake.

Dalili ya uchakavu ni nzuri sana kwa mtumba. Mto ukitoa magamba meusi membamba yanayobaki masikioni na kwenye kola ya shati, na chini yake kukaonekana kitambaa, basi huo ni poliurethani iliyofika mwisho wa maisha yake. Ngozi halisi haichubuki hivyo. Hukauka, hupauka na kupasuka kwa nyufa. Ila kumbuka ile ngozi ya kusagwa na kugundishwa, ambayo nayo huchubuka kama plastiki. Tofauti ni kwamba chini ya gamba lake utakuta nyuzi za kitambaa zikiwa zimeshikamana na unga wa rangi ya kahawia au kijivu.

Wapo wanaopendekeza kuchoma. Fanya hivyo tu kwa kipande kilichokwisha kujing'oa, kiwe kidogo kama punje ya mchele, kimeshikwa kwa kibano, nje ya nyumba na upepo ukiwa nyuma yako. Ngozi huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Plastiki huyeyuka, hujikunja na kuacha tone gumu jeusi. Usiivute pumzi ile, hasa kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaoumiza koo. Kipande cha ngozi iliyopakwa plastiki juu kitakupa dalili zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo jibu la moto bado linahitaji kuthibitishwa na jicho.

Jina la kampuni halitoshi

Watu huniuliza ni kampuni gani salama, nami hujibu kwamba waniulize modeli. Sennheiser walipotoa Momentum ya kwanza mwaka wa 2012 waliivalisha ngozi. Dada yake ndogo iliyokaa juu ya sikio walimpa Alcantara. Na Momentum 4 ya mwaka wa 2022 ina ngozi bandia. Bowers & Wilkins waliuza mwaka huohuo wa 2022 Px7 S2 isiyo na ngozi ya mnyama na Px8 iliyovikwa nappa, na mtu asiye makini anaweza kuona hizo mbili kama ndugu mapacha. Beoplay H95 ya Bang & Olufsen ina mito ya ngozi ya mwanakondoo. MH40 ya kwanza ya Master & Dynamic ilikuwa na mkanda wa ng'ombe na mito ya mwanakondoo. Audeze, wanaotengeneza hedifoni nzito za wasikilizaji makini, wameuza baadhi ya modeli zao katika namna mbili, moja ya ngozi na nyingine isiyo na ngozi, na tofauti yake ni neno moja tu kwenye oda.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba ngozi halisi iko upande wa bei ya juu. Hedifoni za bei ya chini na ya kati zinazojaa madukani Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret karibu zote zina mito ya plastiki, kwa sababu rahisi kwamba ngozi ni ghali. Hatari kwa mtu wa kipato cha kawaida iko mahali pawili: mtumba, ambako kitu kilichokuwa ghali Ulaya hushuka hadi bei ya soko, na mito ya kubadilisha inayoagizwa mtandaoni, ambako wauzaji hutoa "sheepskin" kama daraja la juu kwa hedifoni ambazo zilitoka kiwandani bila ngozi yoyote.

Kuna zile ambazo mto wake haujawahi kuigiza ngozi kabisa. Koss Porta Pro, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1984, ina sponji tupu. HD 600 ya Sennheiser na DT 990 Pro ya Beyerdynamic zina mito ya mahameli. AirPods Max ya Apple ina mito ya wavu uliofumwa. Hata kwa hizi, chunguza mkanda na kifuko.

Kuuliza mpaka upate jibu

Ukimwuliza muuzaji, "Hizi ni za vegani?" atakujibu ndiyo, kwa kuwa anataka kukusaidia na pia anataka kuuza. Uliza swali ambalo jibu lake linahitaji kutazama kitu: mto umetengenezwa kwa nini, mkanda je, na boksi limeandikwa wapi? Mwenye duka atakapogeuza boksi na kusoma pamoja nawe, mmekuwa watafiti wawili badala ya mnunuzi na mshindani wake. Mfanyabiashara mmoja wa Nakuru alianza kuwauliza wateja wake swali hilo yeye mwenyewe baada ya familia moja ya Kihindu kumrudishia zawadi zilizonunuliwa kwa ajili ya Diwali.

Kwa mtengenezaji, andika barua pepe fupi ukitaja namba kamili ya modeli, na uorodheshe sehemu kwa majina: mito, mkanda, kifuko, felti ya ndani, na tabaka la protini kama lipo. Usiulize kwa jumla, maana jibu la jumla litakuja. Ukijibiwa, hifadhi barua hiyo, kwa sababu itamfaa mwenzako pia. Usipojibiwa baada ya wiki mbili au tatu, ichukulie modeli hiyo kana kwamba jibu ni baya na utafute nyingine; duniani hakuna uhaba wa hedifoni.

Mnunuzi wa Kenya hapaswi kujiona msumbufu anapouliza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka wa 2012 inakataza kumweleza mnunuzi uongo kuhusu kile anachouziwa. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti, "mito si ya ngozi ya mnyama." Anayekijua alichonacho ataandika bila kusita.

Kubadilisha mito na kuitunza

Zile hedifoni zangu za Kibuye sikuzitupa. Sikuona kwamba kuzitupa jalalani kungemrudishia kondoo yule chochote, ingawa simlaumu anayeshindwa kuendelea kuzivaa. Niliziweka kabatini mpaka nilipopata mito ya mahameli. Ukitaka kufanya hivyo, pima upana wa nje wa mto kwa milimita, na kama ni wa yai pima pande zote mbili. Kisha pima ukingo wa kikombe pale mto unapojishika, kwa sababu hapo ndipo makosa ya oda hutokea. Tofauti ya milimita mbili au tatu ngozi bandia huvumilia kwa kuvutika, zaidi ya hapo mto utakuwa ukitoka kila ukivua hedifoni.

Uwe tayari kwa sauti kubadilika. Ngozi, iwe ya kweli au ya plastiki, huziba hewa, na hewa ikizibwa besi huwa nzito. Mahameli huvuja. Nilipovaa mito mipya mara ya kwanza na kusikiliza kwaya niliyokuwa nimeirekodi wiki iliyotangulia, wanaume wa sauti ya nne walikuwa kama wamerudi nyuma hatua mbili, na sauti za kina mama zilikuja mbele na kuwa wazi zaidi. Kwa kusawazisha sauti nikiwa peke yangu naipenda hali hiyo. Lakini mwimbaji akiwa mbele ya maikrofoni, mlio wa mapigo ya kuongozea hutoka kwenye mahameli na kuingia katika rekodi, na kuuondoa baadaye ni kazi ngumu. Kwa hiyo waimbaji wangu huvaa hedifoni zenye mito ya poliurethani inayoziba, nami huvaa ya mahameli.

Mkanda wa ngozi ni mgumu zaidi kuliko mto. Nilimpelekea fundi viatu wa Kondele, akaugeuzageuza mikononi na kuniambia, "Mwalimu, watu huniletea reksini wakitaka niwawekee ngozi. Wewe umeleta ngozi." Nilimweleza sababu, akasikiliza mpaka mwisho. Alifumua mshono kwa wembe bila kugusa chuma, akatoa ngozi, akaacha sponji ilivyokuwa, akavika kitambaa cha turubai laini na kushona kwa uzi wa nailoni. Mwambie fundi wako mambo mawili kabla hajaanza: kwamba kuna waya mwembamba unaopita ndani ya mkanda kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na kwamba gundi atakayoitumia isiwe na moto.

Mito ya poliurethani ina adui wawili katika mji huu, joto na unyevu, kwa maana maji yaliyo hewani huvunja plastiki hiyo polepole mpaka ichubuke. Hapa kando ya ziwa, kwenye mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, hali hiyo huja haraka kuliko Nakuru, iliyo juu zaidi na yenye ubaridi. Jasho na mafuta ya nywele huongeza kasi. Futa mito kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo kila ukimaliza, usitumie spiriti wala mafuta ya kujipaka, na usiache hedifoni kwenye dashibodi ya gari juani.

Kinga bora niliyoipata ni vifuniko vya fulana kuukuu ya pamba. Kwa mto wenye upana wa sentimita 9 na unene wa sentimita 2, kata duara la sentimita 16, mpe fundi cherehani akunje ukingo na kupitisha lastiki nyembamba, kisha kata tundu katikati ukitaka sauti ipite bila kizuizi, au liache kama kitambaa ni chepesi. Kifuniko hiki hakiondoi ngozi ya mnyama iliyo chini yake, kwa hiyo kitumie juu ya mto ambao tayari umeukubali. Shona jozi mbili, ili moja ikiwa kwenye kamba kivulini nyingine iwe kazini.